Mafunzo ya kupokea majeruhi wengi hapa Mbeya: ada yake inalipa, ila kadi nyeusi bado haijafundishwa

Nimetoka kwenye mafunzo ya siku tatu ya kupokea majeruhi wengi kwa wakati mmoja, yaliyofanyika ukumbi mmoja wa maeneo ya Forest hapa Mbeya. Wenzangu wa vituo vya afya vya barabarani, kuanzia Igurusi mpaka Mlowo, wananiuliza kama inafaa kutoa shilingi 150,000 za mfukoni kwa jambo hili. Jibu langu ni ndiyo, nendeni. Lakini nendeni mkijua kinachokosekana, maana ni kikubwa, na tukikidai wengi huenda kikaongezwa.

Waandaaji ni kikundi cha madaktari na wauguzi wa dharura wanaozunguka Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe. Jina lao siliandiki, kwa sababu malalamiko yangu nimewakabidhi wao wenyewe kwa maandishi na nataka wapate muda wa kuyafanyia kazi. Ninachopima hapa ni kilichofundishwa.

Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya kilicho kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma. Usiku kucha malori yanapita: mafuta na salfa vikienda Zambia na Kongo, shaba ikishuka kwenda bandarini. Tunaoishi huku tunaujua mteremko wa Iwambi, tunaujua Mlima Nyoka, na wenzetu wa Iringa wana Kitonga yao. Machi 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, kontena lilililalia basi la abiria na watu zaidi ya 40 wakafa. Juni 2025 lori lilishindwa breki huku kwetu Iwambi, zikapotea roho zaidi ya 20. Na hatari haipiti barabarani peke yake. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetele lilishuka Itezi likafunika nyumba na shule. Ardhi yenyewe tunayoikalia ni ya Bonde la Ufa. Tetemeko la Rukwa la mwaka 1910 lilikuwa na ukubwa wa 7.4, wakati ambapo huku maghorofa ya kumwangukia mtu yalikuwa hayajajengwa kwa wingi.

Kituo chetu kina vitanda vichache, mashine moja ya oksijeni na gari moja la wagonjwa. Usiku zamu ina tabibu mmoja na wauguzi wawili. Basi likipinduka, sisi ndio wa kwanza kuwapokea. Hospitali ya rufaa ipo, lakini kabla ya rufaa kuna saa ya kwanza, na saa hiyo inatuangukia sisi.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kuwapanga majeruhi, kazi ambayo sote tunaiita triaji. Mwezeshaji wetu, dada mmoja mwenye sauti ya utulivu, alianza na Dominique Jean Larrey, daktari wa jeshi la Napoleon, aliyetaka askari wahudumiwe kwa ukubwa wa jeraha bila kutazama cheo. Hapo hakukaa sana. Akatuingiza kwenye utaratibu wa START, uliobuniwa Newport Beach, California, mwaka 1983, na asubuhi nzima iliyobaki tulikuwa chini sakafuni tukiufanya. Anayeweza kutembea anaitwa kwa sauti aende pembeni, anapata kadi ya kijani. Asiyepumua unamfungulia njia ya hewa. Akivuta pumzi ni nyekundu, yaani wa kuhudumiwa kwanza; asipovuta ni nyeusi, yaani amefariki au hatarajiwi kupona. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika ni nyekundu. Unabonyeza ukucha, damu isiporudi ndani ya sekunde 2 ni nyekundu. Unamwambia afumbe na kufumbua macho, asipofuata ni nyekundu. Waliobaki ni njano, wanaoweza kusubiri kidogo. Kila mtu anapewa chini ya dakika moja, na wakati huo unaruhusiwa kufanya mambo mawili tu ya tiba: kufungua njia ya hewa na kuzuia damu inayoruka.

Sehemu hii imefundishwa vizuri kuliko mafunzo mengine yote ya dharura niliyowahi kuhudhuria. Hawakusoma slaidi. Tulirudia mpaka mikono ikazoea, na aliyesita alirudishwa mwanzo kwa upole. Kuna kipengele kimoja ambacho nawapa sifa ya pekee. Mshiriki kutoka Makete aliuliza habari ya ukucha: kwao mwezi wa Juni baridi inaumiza mifupa, vidole vya mtu mzima kabisa vinakuwa kama vya maiti, na usiku ukucha huuoni hata ukiwa na tochi ya simu. Mwezeshaji hakujitetea. Alisema ni kweli, baridi na giza vinadanganya, na ndiyo maana siku hizi wengi wanapapasa mapigo ya kifundo cha mkono badala ya kubonyeza ukucha. Akatusahihishia karatasi zetu hapo hapo. Kwa mtu wa Uyole, Njombe au Makete, sahihisho hilo peke yake linaokoa watu.

Watoto walipitiwa haraka mno. Tuliambiwa upo utaratibu wao, JumpSTART, uliotengenezwa mwaka 1995, na kwamba mtoto asiyepumua lakini ana mapigo anapewa pumzi 5 kabla ya kukatiwa tamaa, kwa kuwa mtoto hupoteza pumzi kabla moyo haujasimama. Basi, tukasonga. Nilitaka tukae hapo nusu siku. Daladala za asubuhi zimejaa wanafunzi, na lile tope la Itezi lilifunika shule.

Siku ya pili ndiyo iliyonipeleka huko. Ratiba iliandika "maadili katika maafa", na nilijua tutaulizwa maswali ambayo kwenye kituo chetu tunayajibu kwa macho tu, tukitazamana na tabibu, bila kusema neno.

Walianza na Kimbunga Katrina. Agosti 2005 mji wa New Orleans ulijaa maji, na hospitali ya Memorial ikabaki kisiwa, bila umeme, joto kali, wagonjwa na wauguzi wamo ndani kwa siku kadhaa. Madaktari wachache waliochoka walikaa wakaamua mpangilio wa kuhamisha watu, na wagonjwa mahututi kuliko wote wakawekwa mwisho. Maji yalipopungua zilikutwa maiti 45. Mwaka uliofuata daktari Anna Pou na wauguzi wawili walikamatwa kwa tuhuma za kuwachoma wagonjwa dawa za kuwaua. Mwaka 2007 jopo la raia likakataa kumfungulia daktari huyo mashtaka. Ukumbi ulikuwa kimya. Kisha mjadala ukawaka, na sehemu kubwa ulihusu kama daktari alikuwa na hatia.

Mimi naona huko siko kulikokuwa na funzo. Mahakama imefanya yake. Swali la muuguzi wa Mbeya ni jingine: nani aliwaambia watu wale wachovu kwamba wao ndio waamuzi, kwa kigezo gani, na kigezo hicho kiliandikwa lini? Kigezo kinachotungwa saa nane ya usiku na mtu ambaye hajalala kitamwumiza mgonjwa, na kitamwumiza pia aliyekitunga. Namshukuru mwezeshaji wa pili, daktari mtu mzima, kwa kuliweka jambo hilo wazi alipohamia Haiti. Baada ya tetemeko la tarehe 12 Januari 2010, hospitali ya muda ya jeshi la Israeli ilihudumia wagonjwa zaidi ya 1,100 ndani ya siku 10. Vitanda vilikuwa vichache kuliko watu waliokuwa getini. Kesi zilizokuwa ngumu zilipelekwa kwa madaktari wakubwa wakaamua kwa pamoja, mzigo usimlalie mmoja. Na waliwaruhusu wagonjwa waondoke mapema kuliko kawaida ili kitanda kimpokee mwingine, ingawa walijua nje hakuna nyumba.

Halafu akatupa kesi ya kwetu. Mtoto mchanga mwenye nimonia yuko kwenye mashine ya oksijeni, ile moja. Ajali inaingia. Kuna kijana wa miaka ishirini na kitu, mbavu zimevunjika, midomo imebadilika rangi. Mashine ni ya nani?

Ukumbi uligawanyika. Wapo waliosema aliye kwenye mashine ameshaipata, hanyang'anywi. Wapo waliosema apewe mwenye nafasi kubwa zaidi ya kupona. Mama mmoja muuguzi mstaafu, aliyejilipia mwenyewe ingawa leseni yake haimdai tena, alisimama mambo yalipohamia kwenye umri. Mwezeshaji alikuwa amegusia kwamba Machi 2020 chama cha madaktari wa wagonjwa mahututi wa Italia kiliandika kuwa huenda ikalazimu kuweka ukomo wa umri wa kuingia wodi hizo, kwa jinsi korona ilivyowaelemea. Yule mama akasema, "Wanangu, nimewahudumia watu maisha yangu yote. Siku ya ajali mtanihesabu miaka?"

Hakuna aliyemjibu mara moja, na nilifurahi kwamba hatukumjibu mara moja. Daktari alikuja akamwambia, "Hapana, mama. Miaka yako haihesabiwi. Tunachopima ni kama mwili huu, leo, kwa vifaa hivi, utapona. Kijana anaweza kushindwa kipimo hicho na wewe ukakipita." Akaongeza kwamba anayeamua kuhamisha mashine asiwe yule yule anayemuuguza mmoja wa wagonjwa wale wawili, kwamba sababu iandikwe kwenye jalada papo hapo, na kwamba uamuzi urudiwe kuangaliwa hali ikibadilika. Kuhusu yule mtoto mchanga hakutulazimisha jibu. Langu ni kwamba mtoto anabaki, kwa sababu nimonia ya mtoto aliyewahi oksijeni tunaiona ikipona kila wiki, na kijana anaweza kukalishwa wima, kupewa dawa ya maumivu ili avute pumzi vizuri na kuwa wa kwanza kupanda gari la rufaa. Lakini najua kuna usiku ambao hesabu itageuka, na ningependa usiku huo tuwe na karatasi iliyosainiwa ukutani, yenye jina la mwenye kuamua.

Nilichokisubiri na kikaja ni habari ya simu. Kila muuguzi wa wilayani anaijua simu hiyo: mgonjwa wetu fulani aangaliwe kwanza, ni ndugu wa fulani. Daktari alisema simu hiyo ipokelewe na mtu mmoja aliyepangwa, mbali na wagonjwa, na asipewe nafasi ya kuongea na aliyeshika kadi. Ni rahisi hivyo, na sijui kwa nini hatukuwahi kufanya.

Walilisemea vizuri pia suala la fomu ya polisi, PF3. Majeruhi anatibiwa, fomu inafuata. Mshiriki mmoja wa mapokezi alikiri kwamba ndugu hufika wakiwa na hofu kwamba bila PF3 watarudishwa, wakapoteza muda kituoni kwa polisi huku mtu anavuja damu. Hilo tubandike kwenye mageti yetu kwa maandishi makubwa.

Lakini dereva hakutajwa. Nililazimika kunyanyua mkono. Huku kwetu basi likianguka, mara nyingi dereva naye yuko hai, na watu wamekusanyika, na wapo wanaosema huyo mwacheni. Tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukalipuka, na waliofariki walipita 100. Nakumbuka maneno yaliyosemwa siku zile kuhusu waliokuwa wamelazwa na majeraha ya moto: wamejitakia. Wauguzi waliowapokea walisikia maneno hayo wodini. Kadi nyekundu ya dereva aliyelala usingizini ni nyekundu sawasawa na ya mtoto aliyegongwa. Nadhani kila mtu pale ukumbini anaamini hivyo, lakini kuamini hakumsaidii muuguzi wa zamu aliyezungukwa na umati wenye mawe. Tufundishwe cha kufanya: anahifadhiwa wapi, mlinzi anasimama wapi, polisi wanaitwa na nani, unamwambia nini baba wa marehemu anayekuuliza kwa nini unamtibu muuaji. Jibu nililopewa ni kwamba muda umekwisha, twende chakula. Chakula chenyewe kilikuwa kizuri, wali wa Kyela, maharage na nyama, lakini ningekula nikiwa nimesimama ili tumalize.

Na kwa nini mifano yote mikubwa itoke ng'ambo? Ipo ya Afrika yenye uzito ule ule. Julai 2014, daktari Sheik Umar Khan, aliyeongoza mapambano ya Ebola kule Kenema, Sierra Leone, aliugua na kulazwa Kailahun. Dawa ya majaribio, ZMapp, ilikuwepo pale pale. Waliomuuguza walijadiliana wakaamua wasimpe, wakihofia dawa ambayo haijawahi kujaribiwa kwa binadamu. Alifariki tarehe 29 mwezi huo huo, na siku chache baadaye watumishi wawili wa afya kutoka Marekani wakapewa dawa hiyo. Je, mtumishi wa afya atangulie, kwa sababu akipona ataokoa wengine? Je, ni haki kumfanya wa kwanza kujaribiwa? Kesi hiyo moja ingetushika mchana kutwa, na wahusika wake ni watu wanaofanana nasi kwa mshahara na kwa wodi.

Sasa nije kwenye siku ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike.

Zoezi lilifanyika uwanja wa shule. Wanafunzi wa uuguzi walilala chini wakiwa wamepakwa rangi nyekundu na vibandiko vya majeraha, kila mmoja na karatasi yake ya dalili. Hadithi: lori la mafuta limeshuka mteremko bila breki siku ya mnada, limekokota Costa mbili na bajaji. Sisi tuligawanywa kwa makundi, tukapewa kadi zenye kamba. Tulifanya kwa kasi nzuri. Kwa upande wa kupanga, nilijivunia wenzangu.

Nilifika kwa kijana aliyelala ubavu. Karatasi yake ilisema fuvu limefunguka, anapumua mara 6 kwa dakika, mboni moja imetanuka. Kwa START ya kawaida huyu ni nyekundu, lakini kwa utaratibu tuliofundishwa kwa ajili ya siku ambayo huna chumba cha upasuaji wala mashine ya kupumulia, anapewa nyeusi ingawa bado yuko hai. Nikamfunga kadi. Halafu nikamuuliza mwezeshaji aliyekuwa akitufuata na saa yake, "Dokta, huyu nimwache na nani?"

"Sista, ana kadi nyeusi huyo. Songa mbele."

Nikasonga, kwa sababu ni sahihi kusonga. Anayepanga akisimama kwa mmoja, kumi wanakufa nyuma yake. Hilo silibishii hata kidogo. Lakini zoezi lilipoisha nilihesabu watu waliopangiwa kazi: kiongozi wa eneo, wa nyekundu, wa njano, wa kijani, wa gari, wa kumbukumbu. Eneo la kadi nyeusi lilikuwa chini ya mti pembeni mwa uwanja, na hakuna mtu hata mmoja aliyepangiwa huko. Waliokufa na wanaokufa walilazwa pamoja. Nilipouliza kwenye tathmini, nikaambiwa rasilimali hazitoshi.

Rasilimali gani? Blanketi ni rasilimali? Mbeya usiku wa Julai mtu mwenye afya anatetemeka, sembuse aliyevuja damu. Mtu wa kushika mkono hahitaji kuwa daktari. Chama cha Madaktari Duniani kilipitisha mwaka 1994, huko Stockholm, tamko kuhusu maadili ya tiba wakati wa maafa, na limeshahuishwa tangu hapo. Tamko hilo linakubali wazi kwamba ni halali kutong'ang'ania kumtibu kwa kila hali mtu ambaye hawezi kuokolewa kwa vifaa vilivyopo. Lakini linadai pia kwamba mtu huyo aonewe huruma, utu wake ulindwe, atengwe na macho ya watu, apewe dawa ya maumivu. Na linadai hali za majeruhi ziangaliwe tena na tena, maana zinabadilika. Wawezeshaji wetu walitufundisha nusu ya kwanza. Bila nusu ya pili, kadi nyeusi ni kumtelekeza mtu kwa utaratibu.

Upo utaratibu mwingine unaoitwa SALT, uliotolewa Marekani mwaka 2008, ambao una kadi ya kijivu kwa aliye hai ambaye hatarajiwi kupona kwa vifaa vilivyopo, na nyeusi inabaki kwa aliyefariki peke yake. Rangi moja inayoongezeka, lakini angalia inavyobadilisha kila kitu: aliye na kijivu bado ni mgonjwa. Gari la pili likifika, damu ikipatikana, daktari wa upasuaji akitokea, unarudi kwake. Aliyelazwa na maiti nani atarudi kumtazama? Niliwaomba wabadilishe kadi. Walisema watafikiria.

Mfano ninao. Miaka ya nyuma basi dogo liliacha njia usiku si mbali na kituo chetu. Katika walioletwa alikuwemo mzee ambaye kifua chake kilikuwa kimepondwa. Tabibu alimpima, akanitazama, tukaelewana, tukaenda kwa wengine. Mlinzi wetu wa usiku, baba mtu mzima, hakuagizwa na yeyote. Alivua koti lake akamfunika, akakaa sakafuni akamshika mkono, akawa anamuuliza habari za nyumbani, mashamba, watoto. Mzee alifariki kabla hakujapambazuka. Binti yake alifika asubuhi kutoka Vwawa. Nilijiandaa kuulizwa kwa nini hatukumpeleka rufaa. Aliniuliza, "Sista, baba alikuwa peke yake?" Nikamwita mlinzi. Akamwambia, "Hapana mwanangu. Nilikuwa naye. Alikutaja."

Sijui mafunzo yoyote ambayo yangemfundisha mlinzi yule alichokifanya, lakini najua mafunzo yanaweza kuhakikisha kwamba safari ijayo kuna mtu amepangiwa kukifanya. Mlinzi, mtu wa usafi, mchungaji, shehe, jirani wa kituo: waandikwe majina kwenye mpango, wapewe blanketi na tochi, waambiwe ishara za kumwita muuguzi. Muuguzi mmoja apewe zamu ya kupita eneo lile kila baada ya muda. Hiyo haipunguzi hata glovu moja kutoka kwa wenye kadi nyekundu.

Dawa ya maumivu nayo izungumzwe kwa ukweli. Zoezini tulijifanya tunachoma morfini. Kwenye kabati letu hakuna morfini. Kuna diklofenaki ya sindano na tramadoli ikibahatika. Mafunzo ya Mbeya yawe ya kabati la Mbeya. Vinginevyo nalipia kujifunza kazi ya hospitali nyingine.

Mengine ni madogo lakini yanarekebishika. Kadi zimeandikwa Kiingereza kitupu, na atakayezisoma saa tisa usiku anaweza kuwa dereva wa gari la wagonjwa au mgambo. Wino wa kalamu waliyotupa ulichuruzika manyunyu yalipoanza uwanjani. Penseli ya kawaida ilishika. Cheti kilitolewa siku hiyo hiyo na pointi za kuhuisha leseni zimeingia bila usumbufu, jambo ambalo kwa waandaaji wengine tumelifuatilia miezi. Hakuna lililosemwa kuhusu sisi wenyewe baada ya tukio, nani anakaa na muuguzi aliyefunga kadi nyeusi kwa mtoto wa jirani yake. Vijijini huku majeruhi ni watu unaowafahamu. Mwenzangu mmoja wa kituo cha jirani aliacha kazi baada ya usiku wa namna hiyo, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Kwa hiyo mganga mfawidhi unayesoma hapa: kama bajeti inaruhusu watu wawili tu, usipeleke wawili wa mchana. Peleka mmoja anayejua zamu ya usiku, na wa pili awe dereva wa gari la wagonjwa, kwa sababu ndiye anayefika kwanza na hakuna anayemfundisha. Mkirudi, kaeni jioni moja na walinzi na watu wa usafi muwapitishe kwenye rangi za kadi. Awamu inayofuata waandaaji wamesema ni Makambako, na ada ni ile ile. Mtakaokwenda, ulizeni swali la kadi nyeusi asubuhi ya siku ya kwanza, kabla ratiba haijawabana, na muulize mkiwa wengi.